Kona ya Dada: Kipimajoto cha Friji na Kamba za Turubai Kwanza, Mapambo Baadaye

 Mdogo wangu, barua yako nimeisoma hadi mwisho nikaona nikujibu hapa mbele ya wote, maana wanaonunua Hiace iliyotumika Japani, wakamwita fundi ang'oe viti vya nyuma na kutengeneza kitanda, siku hizi ni wengi, na maswali yao yanafanana na yako. Unasema mwezi wa sita shule zikifunga mnatoka Morogoro, mnapita Mikumi, Iringa na Mbeya, hadi uwanda wa Kitulo. Mko watano: wewe, shemeji yangu, watoto wawili, na mama mkwe anayechoma insulini. Friji ya volti 12 mnayo. Shemeji anataka turubai la kivuli linalofunguka kwa umeme, lenye taa za rangi. Wewe unauliza ununue kipimajoto cha aina gani, na vikorombwezo gani vya turubai. Fedha iliyopo haitoshi kwa vyote.

Nakujibu wazi. Fedha ya kwanza iende kwenye kipimajoto cha friji. Ya pili iende kwenye kamba na vigingi. Turubai lenyewe lije la tatu, tena la mkono, si la umeme. Nina sababu, na nyingi zinatokana na njia yenyewe mnayoipita.

Tazama safari yenu inavyopanda. Morogoro mjini mko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Mikumi ni kimo kama hicho hicho. Mkiupanda mlima Kitonga mnatokea Iringa, zaidi ya mita 1,500. Mbeya ni kama 1,700, na Kitulo inafika mita 2,600 hivi. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Yaani mchana mmoja mnaweza kula chakula Mikumi mkitokwa jasho, na siku chache baadaye mkaamka Kitulo umande umeganda kwenye majani, kwa sababu Juni na Julai ndiyo baridi ya Nyanda za Juu. Gari lile lile, friji ile ile, mablanketi yale yale. Mwili wa mtu mzima husema mapema kwamba ni joto au baridi. Dawa iliyo ndani ya friji haisemi.

Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye joto kali, nguvu yake hupungua, na kwa kuitazama huwezi kujua. Ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka ikaonekana safi kama mwanzo, ni ya kutupa. Kwa hiyo mama ana hatari mbili, joto la Mikumi na ukuta wa friji yenyewe, na watu wengi huikumbuka ile ya kwanza tu. Friji ndogo za gari hupoza kupitia ukuta mmoja, na chupa iliyoegemea ukuta huo inaweza kuganda wakati maziwa ya katikati yako kwenye nyuzi 5. Tafuta kikasha cha plastiki chenye mfuniko, kitandikie kitambaa, weka insulini humo, kikae katikati mbali na ukuta unaopoza. Kihisio cha kipimajoto kiingie ndani ya kikasha hicho hicho, karibu na dawa.

Utaniambia friji ina namba yake inayowaka mlangoni. Ndiyo, lakini namba ile ni joto la pale kilipofungwa kihisio cha kiwandani, mara nyingi jirani na ukuta unaopoza. Haikuambii habari za kikapu cha juu, na haikumbuki yaliyotokea ulipokuwa hupo.

Hilo la kukumbuka ndilo ninalotaka ulidai dukani. Nunua kipimajoto cha namba chenye kihisio kwenye waya mwembamba: waya unapita kwenye mpira wa mlango, kioo kinabaki nje, unasoma bila kufungua friji. Kiwe na kumbukumbu ya joto la juu kabisa na la chini kabisa tangu ulipofuta mara ya mwisho. Si jambo jipya. Mwingereza James Six alibuni kipimajoto cha namna hiyo karibu na mwaka 1780, cha kioo na vimiminiko. Leo kinauzwa cha betri, kidogo, na si ghali.

Nikueleze kwa nini ninaking'ang'ania. Mafundi wengi huunganisha friji kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Sasa mmefika Ruaha Mbuyuni, mmezima gari, mnachagua vitunguu, mnakula, watoto wanataka miwa, saa moja na nusu imepita. Friji imezimika muda wote huo na gari limesimama juani. Mkiondoka inaanza kupoza tena. Jioni Iringa unafungua, unakuta nyuzi 5, unamshukuru Mungu. Kumbukumbu ndiyo itakayokuonyesha kwamba mchana kikasha cha mama kilifika 14. Bila hiyo, jambo hilo litajirudia kila siku ya safari na hakuna atakayejua, isipokuwa sukari ya mama itakapoanza kupanda nanyi mkadhani ni chakula. Dawa yake ni fundi wa umeme wa magari: friji ilishwe moja kwa moja na betri ya pili, iwe na fyuzi yake, na kikata umeme kinachoizima kabla betri haijaisha kabisa.

Kama unataka kipimajoto kinachotuma habari kwenye simu, vipo, na ndani ya gari vinafaa. Ujue tu kwamba bati la gari na bati la friji huzuia mawimbi. Kabla hujalipa, hakikisha kina kengele ya kulia joto likivuka mpaka uliouweka, na kwamba kinatunza kumbukumbu yenyewe hata simu ikiwa mbali. Kinachoonyesha grafu nzuri lakini hakikumbuki mpaka simu iwe karibu hakitakusaidia sana.

Kwa vyakula vingine, kihisio cha pili kitumbukize kwenye kichupa cha maji ndani ya friji. Hewa ya friji hupanda kila mtoto anapofungua kutafuta soda, na namba zinarukaruka bure; maji yanabadilika taratibu, kama nyama na maziwa yanavyobadilika, kwa hiyo yanakupa ukweli wa chakula chako. Lenga nyuzi 4. Kuanzia 5 hadi 60 ndipo vijidudu vinapozaana haraka. Nyama au wali uliokaa humo zaidi ya saa mbili usimpe mtu, na kwenye joto la mchana linalovuka 32, hesabu saa moja.

Halafu kipime kabla hujakiamini. Jaza glasi barafu iliyopondwa, mimina maji baridi kidogo hadi yafunike barafu nusu, koroga, subiri dakika chache, ingiza kihisio katikati bila kugusa kioo wala chini. Kinatakiwa kusoma 0. Kikisoma 2, andika kwenye utepe wa karatasi "toa 2" ukibandike mgongoni mwake, maisha yanaendelea. Kikiruka kutoka 1 kwenda 4 kisha 2, kirudishe dukani. Wengine watakuambia ukipime kwa maji yanayochemka, yasome 100. Hiyo ni ya pwani. Kadiri unavyopanda maji huchemka mapema. Iringa huchemka kwenye nyuzi kama 95, na Kitulo hata 92 huenda hayafiki. Utakilaumu kifaa kizima bure. Barafu haina tatizo hilo, Dar au Kitulo ni ile ile. Na kwa taarifa, maharage ya Kitulo yatakuchosha kwa sababu hiyo hiyo. Beba sufuria ya presha.

Jambo dogo linalotia watu hofu: vipimajoto vingi vina kitufe cha kubadili Selsiasi kwenda Farenhaiti. Mtoto akikibonyeza, friji yako nzuri ya nyuzi 4 itaandika 39. Usimwage maziwa. Tazama kwanza herufi iliyo pembeni ya namba.

Ndani mnapolala weka kipimajoto kinachopima na unyevu. Kisiwe kwenye dashibodi wala dirishani, maana jua likikipiga kitasoma joto la plastiki yake. Kining'inie kimo cha kichwa cha aliyelala, ukuta wenye kivuli. Watu watano wakipumua usiku kucha katika Hiace iliyofungwa, maji yatatiririka kwenye vioo na godoro litaloa chini. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 70 asubuhi hadi mchana, fungua milango yote, inua godoro, anika. Kikohozi cha mtoto safarini kinaweza kuanzia kwenye godoro hilo. Usiku acha madirisha mawili wazi kidogo, moja kila upande, yenye neti, hata kama ni baridi. Blanketi unaweza kuongeza, hewa huwezi.

Hapa mdogo wangu naomba usome polepole. Kitulo kutakuwa na baridi, na jioni mtu mmoja atasema tuingize jiko la mkaa ndani ya gari dakika kumi tu, au tuliweke chini ya turubai tulilolizungushia kuta. Msikubali. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Kipimajoto kitaonyesha joto zuri la nyuzi 20 huku watu wanakufa. Hakikutengenezwa kuona sumu hiyo. Jiko likae nje, mbali na mlango, na likizimika libaki huko huko nje, kwa sababu makaa yanayofifia ndiyo bado yanatoa. Kama utapata kengele ya kugundua sumu hiyo (kaboni monoksaidi), inunue kabla ya turubai. Kwa joto la usiku, chemsheni maji mtie kwenye chupa ngumu, mzifunge kwa soksi, kila mtu na yake miguuni. Mama mkwe apate mbili, lakini mwangalieni isimuunguze. Wenye kisukari wengine hisia za miguu huwa zimepungua, na chupa ikimchoma anaweza asijue hadi asubuhi.

Na mchana, watoto wasiachwe garini hata mkisimama kununua maji. Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi kama 10 ndani ya dakika kumi za kwanza, na kuacha kioo wazi kidogo hakupunguzi mengi. Kama nje ni 32, baada ya saa moja ndani inavuka 45. Mtoto mdogo hulemewa na joto kabla ya mtu mzima.

Kipimajoto cha bunduki, kile kinachopima bila kugusa, usikinunue kwa friji. Kinapima juu ya kitu, si ndani yake, na kwenye bati linalong'aa au kioo kinadanganya. Kina kazi moja nzuri sana kwenu: wakati wa kurudi, mkiteremka Kitonga. Mkimaliza mteremko simameni mahali salama, mpime magurudumu manne, rimu kwa rimu. Magurudumu mawili ya mbele yakikaribiana na mawili ya nyuma yakikaribiana, sawa. Moja likiwa na joto kubwa kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki imeng'ang'ania au beringi imekwisha, na afadhali ujue hapo kuliko kujua mbele. Shemeji atakipenda kifaa hicho, mnunulie hicho badala ya taa za rangi.

Cha zebaki usibebe. Kioo kikivunjika gari likirukaruka kwenye rafu, zebaki itajificha kwenye zulia mnapolala na kutoa mvuke wenye sumu. Mkataba wa Minamata ulioanza kutumika 2017 uliviwekea vipimajoto hivyo mwisho wa kutengenezwa na kuingizwa nchini ifikapo 2020, ila vya zamani bado vinazunguka madukani. Vile vya betri navyo vitazame mgongoni: vingi vinatumia betri bapa ya duara, ndogo ya kung'aa. Mtoto akiimeza inaunguza koo ndani ya saa chache. Chagua ambacho mfuniko wake wa betri unafungwa kwa skrubu.

Sasa twende nje.

Kwanza turubai lifungwe upande gani. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo lifungukie ubavu wa kushoto, upande wa mlango wa abiria, ili mkisimama pembeni ya barabara watoto washukie kwenye kivuli na si kwenye magari. Hiace za Japani zina mlango huo kushoto, hamna shida. Shida iko kwenye maturubai yaliyotumika yanayoletwa kutoka bara la Ulaya, ambayo mengi yametengenezwa kwa upande wa kulia. Mkono wa kuzungushia na miguu vinakuja upande usiofaa. Wasomaji wangu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu, nyinyi mnaendesha kulia, geuzeni haya yote.

Pili, lishikwe na nini. Turubai la ndani ya kasha, la mita mbili na nusu, lina uzito wa kilo 20 hivi, na paa la Hiace ni bati jembamba. Fundi asitoboe bati katikati ya paa akakaza bolti tupu. Vishikio vibane ule mfereji wa maji wa pembeni ya paa, au vifungwe kwenye keria imara, na kati ya chuma na rangi pawe na mpira. Bolti ziwe za stenlesi. Mkiwa na nia ya kwenda Saadani au Kilwa mwakani, chumvi ya bahari itakula bolti za kawaida kwa msimu mmoja na kuacha michirizi ya kutu kwenye rangi ya gari.

Sasa kamba, na hapa ndipo ninapowaona watu wengi wakibana senti pasipo mahali pake. Turubai lililofunguliwa ni tanga. Lenu likiwa mita mbili na nusu kwa mbili, ni mita tano za mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukilipiga sawasawa, unalisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 30. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiwi kilo 60, inakuwa 120, kwa sababu nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Kilo 120 zinazonyanyua kutoka chini zitang'oa miguu, zitaipindua nguo yote juu ya paa na kukunja mikono ya alumini. Mtapita Makambako, pale upepo unavuma kweli kweli. Vile vijiti vyembamba vinavyokuja bure kwenye boksi ni vya nyasi laini.

Nenda kwa fundi wa kuchomea, mwambie akukatie nondo ya milimita 12, vipande vya sentimita 40, kichwa kimoja akichonge, kingine akikunje kuwa ndoano. Agiza vinane. Kwenye udongo mgumu wa changarawe vinaingia kwa nyundo ya kilo moja na nusu, na havipindi. Vipige vikiinamia nje, mbali na turubai, na kamba ishuke kama nusu pembe mraba. Kila kigingi kifunge kitambaa chekundu kichwani, mama mkwe asijikwae usiku. Kwenye mchanga wa ufukweni nondo hazishiki: jaza kiroba mchanga, kifunge kamba shingoni, chimba hadi gotini, kizike, kanyagia. Kiroba kilichozikwa hivyo hakitoki.

Kamba iwe ya poliesta. Ya nailoni hulegea ikilowa, na ya katani, ambayo Tanga tunaisifu kwa kazi nyingine, hufupika ikilowa na kulegea ikikauka. Mvua ya usiku inaivuta hadi inang'oa kigingi, na asubuhi imelala chini. Ongeza springi au mpira mgumu kati ya kamba na turubai ili upepo wa ghafla usirarue kitambaa kwa pigo moja. Na mikanda miwili ya kubana, inayopita juu ya turubai zima kutoka ardhini upande mmoja hadi upande wa pili, ni ya bei nafuu kuliko mkono mmoja wa alumini.

Lakini hata kwa kamba nzuri, kuna upepo wa kufunga na si wa kushindana nao. Mkianza kusikia kitambaa kinapiga, fungeni. Mkilala, fungeni. Mkienda kutazama wanyama mkaacha turubai kambini peke yake, fungeni, na hapo nyani hawatapata mahali pa kupekua pia.

Mvua nayo ni uzito. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni ya nusu saa tu, inaangusha lita 100 juu ya mita tano za mraba. Likiwa bapa, maji yanajikusanya katikati, kitambaa kinatanuka, hakirudi tena. Shusha mguu mmoja wa mbele sentimita 20 au 30 chini ya mwenzake maji yapate pa kukimbilia, na nunua ile nguzo ya katikati inayokaza kitambaa kwa chini. Likilowa, lifunge kama mnaondoka, lakini lifungueni tena siku hiyo hiyo likauke. Ukungu ukishaingia kwenye mishono hautoki.

Gari mliegeshe vipi? Mwezi wa sita jua letu la mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli cha gari lenyewe kinaangukia kusini. Ukielekeza pua ya gari magharibi, ubavu wa kushoto unatazama kusini, na kivuli cha gari kinaongezeka kwenye kile cha turubai. Kinachosumbua ni kwamba upepo wa msimu huo mara nyingi hutoka kusini mashariki, ukaja kuingia moja kwa moja mlipokaa. Hapo upepo ndio unaoamua. Geuzeni gari liwe ukuta kati yenu na upepo, na jua mlizuie kwa kipande cha neti ya kivuli, ile nyeusi au ya kijani ya wenye vitalu vya miche, mkiining'iniza ukingo wa mbele. Inapitisha hewa, upepo hauivuti sana, na inauzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo. Katika vikorombwezo vyote, hicho ndicho ninachokipenda zaidi.

Kuta kamili za turubai msinunue kwa sasa. Nunueni chandarua cha kuzungushia upande ulio wazi, mkae humo kuanzia magharibi, maana mbu wa malaria huuma kati ya jioni na alfajiri, na Mikumi wapo wa kutosha. Dawa mseto mkibeba, isomeni kasha: ikae chini ya nyuzi 30. Yaani isikae kwenye boksi la dashibodi.

Wadogo zangu wa mbali nisiwasahau. Uliyeko Ujerumani au Uholanzi na unasafiri na gari la kulala wakati wa baridi, kipimajoto chako cha nje kina kazi nyingine: gesi ya butani haigeuki mvuke ikishuka chini ya sifuri, jiko na hita vitazima usiku hata kama mtungi umejaa. Nunua propani, hiyo inavumilia hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Na wewe wa Muscat unayewapeleka watoto Salalah katika msimu wa khareef, njia ni kama kilomita elfu moja za jangwa la joto kali, kisha unaingia kwenye manyunyu na ukungu. Turubai lako litakaa limelowa siku zote utakazokuwa huko, kwa hiyo chagua kitambaa kilichopakwa plastiki, usichague cha kufumwa kizuri cha kuvutia macho.

Narudi kwa shemeji. Turubai la umeme si baya, ila mota ikigoma upepo ukiwa umeanza, ni watu wawili na spana juu ya paa. La mkono, kutoka kufunguliwa hadi kufungwa, mtoto mkubwa anaweza kujifunza. Au hata nendeni kwa washona maturubai, Arusha wapo waliozoea kazi za magari ya watalii, na Dar wapo Kariakoo. Wawashonee kitambaa cha mita tatu kwa mbili na nusu chenye pete za chuma kila nusu mita, mkifunge kwenye keria na nguzo mbili. Fedha itakayobaki ndiyo hiyo ya kengele ya sumu na kikata umeme cha betri. Taa, kama ni lazima, iwe moja, ya mwanga wa njano. Nyeupe inaita wadudu wa wilaya nzima.

Wiki hii anza na friji. Iwashe uani siku mbili kwa betri ya gari, ndani uweke vichupa vya maji mahali pa insulini, futa kumbukumbu ya kipimajoto asubuhi, uisome jioni. Mchana zima gari kama vile mko Ruaha Mbuyuni. Kumbukumbu ikivuka 8 au ikishuka chini ya 2, mwite fundi wa umeme kabla hujanunua kitu kingine chochote. Mama naye aende na kasha lake la dawa kwa mfamasia, aulize ile chupa aliyokwisha kuifungua inavumilia nyuzi ngapi na kwa siku ngapi, kwa sababu zinatofautiana, na umuombe akuandikie kwenye karatasi. Mbebe pia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa: friji ikifa njiani, kwenye hewa kavu ya Iringa kitaipoza dawa yake hadi mfike mjini. Akishakujibu mfamasia, niandikie.